Mwalimu Kioko Hakukataa

Wewe uliyeajiriwa posta juzi, ukapewa shati jipya na kiti cha kuzunguka, nataka tuelewane mapema. Sikuandika haya ili upate kuwacheka wazee waliolamba stempu mpaka ulimi ukakauka. Kucheka utacheka, maana kazi yetu ilikuwa na vichekesho vyake. Lakini nina hasira. Imekaa miaka kadhaa sasa na haijapoa, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mimi mwenyewe.

Jina langu ni Syombua, ingawa wengi wananiita Mama Mutua. Nimestaafu, nakaa Katelembo na kuku wangu. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa barua na vifurushi vya ng'ambo katika ofisi moja ya posta katika kaunti hii ya Machakos. Sitasema ni ofisi gani. Waliohusika wanajijua, na wakisoma haya waendelee kujijua.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Hamadi, mtu wa Machakos mjini ambaye babu yake alitoka pwani akaja kufanya biashara, akabaki. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba hata kuomba chai mbele yake ulikuwa unajipanga kwanza. Nikisema, "Mzee, barua imefika mingi," alikuwa ananyamaza na kunitazama juu ya miwani mpaka nirudie kwamba barua nyingi zimefika. Ndipo anajibu. Kifaransa alikuwa hajasomea popote, lakini kwa kuwa lebo za posta za dunia nzima zina maneno ya Kifaransa, alikuwa ameyaokota moja moja kwa miaka, akayatamka kama anavyotamka Kiswahili. Siku moja mgeni Mfaransa alikuja kuuliza kifurushi chake, Mzee Hamadi akamtolea maneno yote aliyokuwa nayo kwa mkupuo mmoja: imerudishwa, imehama, anwani haitoshi, kwa ndege. Yule mgeni alicheka mpaka akashika kaunta, lakini alielewa, na kifurushi chake alikipata.

Wiki yangu ya pili kazini nilitupa fungu zima la barua za Niger kwenye mfuko wa Nigeria. Sikujua kama ni nchi mbili. Baada ya majuma kadhaa ikaja karatasi rasmi kutoka Nigeria, ile tuliyokuwa tukiiita hati ya kasoro. Mtu nisiyemjua, aliyeketi kwenye meza yake huko, alikuwa amejaza kila nafasi kwa mwandiko mzuri. Mfuko wenu namba fulani ulikuwa na fungu lisilotuhusu. Tumelipeleka linakohusika. Tafadhali angalieni lisitokee tena. Hakuna tusi hata moja. Nilitarajia Mzee Hamadi anigombeze, lakini alinikalisha chini, akanifanya niinakili ile hati kwa mkono mara tatu.

"Huyu hakujui," akaniambia, "wala halipwi na serikali yako. Amekufanyia kazi kwa sababu nchi yake ilitia sahihi na yetu ikatia sahihi. Sahihi hiyo ikipuuzwa, hakuna posta. Kuna magunia tu."

Nataka ulielewe jambo hilo, maana nyinyi mnafikiri kompyuta ndiyo inayopeleka barua. Barua inatoka Katangi inafika kijiji fulani Japani kwa sababu mtu wa Japani amekubali kuibeba bila kukujua, naye anategemea kwamba ya kwake ikifika hapa utaibeba vilevile. Simu unayompigia shangazi yako Dubai ni hivyo hivyo: nchi zilikaa zikakubaliana namba za huyu zianze hivi na za yule vile, na mitambo ya huku isikie ya kule. Hakuna polisi wa dunia anayesimamia kaunta yako. Uko peke yako na kile kiapo ambacho nchi yako ilikula.

Mzee Hamadi alikuwa na kitabu cha kanuni za posta za kimataifa, amekifunga kwa karatasi ya nailoni kama daftari la mtoto wa shule. Siku ambazo hakuna kazi nyingi alikuwa akinisomea. Kanuni moja aliisoma mara nyingi kuliko nyingine, nafikiri kwa sababu aliipenda. Inasema kwamba maandishi ya vipofu husafiri bila ada ya posta, kwenda na kurudi. Dunia haikubaliani juu ya mambo mengi, alikuwa akisema, lakini juu ya hili ilikubaliana.

Mzee Hamadi alipostaafu nilirithi kiti chake. Kitabu aliondoka nacho, na mimi sikuona haja ya kutafuta kingine. Nilidhani nimeshakijua.

Sasa nikueleze habari za Mwalimu Kioko. Alikuwa mtu wa Katangi, amepofuka utotoni kwa surua. Alisoma, akawa mwalimu, akapewa darasa la watoto wasioona katika shule ya msingi kule kwao. Vitabu vya breli vilikuwa shida, hasa vya hesabu, kwa hivyo alikuwa amejiandikisha na maktaba moja ya ng'ambo inayowaazima vipofu vitabu kwa posta. Vilikuwa vikija ndani ya mikoba migumu ya plastiki, mikubwa kama sanduku la nguo la mwanafunzi wa bweni. Mkoba una kidirisha chenye kadi ya anwani. Upande mmoja wa kadi kuna jina la Mwalimu, upande wa pili anwani ya maktaba. Ukimaliza kusoma unageuza kadi tu, unaurudisha mkoba posta, unaondoka. Hakuna stempu, hakuna chochote. Mwalimu alikuwa akinitania kwamba kitabu cha hesabu cha mtoto anayeona kinaingia mfukoni, lakini chake kinataka punda.

Alikuwa anakuja mwenyewe na fimbo yake nyeupe, anajua kaunta yangu ni ya tatu kutoka mlangoni. Ananiuliza habari za Mutua, namuuliza za darasa. Mwaka huo alikuwa na furaha. Kulikuwa na msichana anayeitwa Mwende, wa darasa la nane, ambaye kichwa chake cha hesabu Mwalimu hakuwa ameona mfano wake katika miaka yote ya kufundisha. Alikuwa amemwagizia vitabu vitatu vyenye michoro ya kugusa, ile ya maumbo na grafu inayoinuka juu ya karatasi, maana kwenye mtihani wa taifa maswali mengi yangekuwa ya namna hiyo na shuleni hawakuwa na hata mchoro mmoja.

Kisha tukaletewa meneja mpya. Alikuwa kijana kuliko mimi, msafi, mwenye haraka. Akatoa agizo kwamba kila mzigo wa ng'ambo unaozidi kipimo fulani ulipiwe ada ya kushughulikiwa. Kwa mizigo ya kawaida hakukuwa na ubaya. Lakini mikoba mitatu ya Mwalimu Kioko ilipofika, akaiona mikubwa, akasema nayo ilipiwe.

Nilimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba hivi ni vitabu vya vipofu na vina kanuni yake katika mkataba.

"Mama Mutua," akasema, "huo mkataba ni wa huko Ulaya. Hapa ni Machakos. Mtu akitaka mzigo wake, alipe."

Kanuni nilikuwa nayo ulimini, na jibu pia: kwamba sahihi ya Kenya iko kwenye karatasi ileile. Nikameza. Nilikuwa nimebakisha muda mfupi nistaafu na Mutua alikuwa chuoni, na nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Kila mara unapojiambia kwamba jambo ni la wakubwa, angalia mikono yako, maana ndiyo itakayolifanya.

Mwalimu alikuja Alhamisi. Nilimweleza kwamba sasa kuna ada. Alisema kwa upole kwamba vitabu hivi havitozwi, na kwamba akilipa leo atakuwa amewalipisha vipofu wote watakaokuja baada yake. Akaomba kuonana na meneja. Meneja akatoka ofisini akasimama karibu na kaunta yangu, na Mwalimu akamwomba amwonyeshe hilo agizo kwa maandishi.

"Nikuonyeshe?" meneja akasema. "Utalisoma aje?"

Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Wote walisikia, na wote waliangalia sakafu, na mimi nikiwa wa kwanza. Mwalimu aliomba mikoba yake ihifadhiwe mpaka alete malalamiko rasmi, kisha akahesabu hatua zake mpaka mlangoni.

Malalamiko aliyaleta juma lililofuata, yamepigwa chapa vizuri. Yalipaswa kupitia kwa meneja na hayakwenda mbali zaidi ya droo yake. Mikoba ikakaa kwenye rafu nyuma ya kiti changu kwa mwezi mzima. Muda wa kuhifadhi ulipokwisha, meneja akaniagiza niirudishe ilikotoka.

Mzigo unaporudishwa ng'ambo unabandikwa lebo yenye visanduku, na karani anatia alama kwenye sababu moja: hajulikani, amehama, anwani haitoshi, hakuja kuchukua, amekataa. Nilishika kalamu nikasita, kwa kuwa hapakuwa na kisanduku cha kusema ukweli. Nikamuuliza meneja niandike nini. Akasema niandike amekataa, kwani si alikataa kulipa.

Nikatia alama. Kalamu ya bluu, mara tatu, kwenye mikoba mitatu. Nikagonga muhuri wa ofisi na kwenda kunywa chai.

Sikuwaza tena juu ya lebo hizo mpaka siku Mwalimu Kioko aliporudi, baada ya majuma mengi. Alikuja moja kwa moja kwenye kaunta ya tatu. Hakuniuliza habari za Mutua. Aliweka karatasi nene ya breli mbele yangu, ile isiyo na wino, nukta tupu.

"Mama Mutua, nisomee barua hii."

Nilimwambia siwezi.

"Basi nitakusomea mimi."

Akaanza kuipitisha vidole, polepole, akisoma kwa sauti ya darasani. Ilikuwa inatoka maktaba. Walisema wamepokea mikoba mitatu ikiwa na taarifa ya posta ya Kenya kwamba mpokeaji amekataa kuichukua. Waliheshimu uamuzi wake. Kwa kuwa wasomaji wanaosubiri ni wengi, walikuwa wamemwondoa kwenye orodha, na walimtakia heri. Alipomaliza akaikunja mara mbili.

"Ni nani aliyewaambia nimekataa?"

Nilimjibu kwamba ni mfumo. Ndiyo, mimi mtu mzima, mwanafunzi wa Mzee Hamadi, nilifungua mdomo nikasema mfumo ndio unaoandika hivyo.

"Mfumo huo una mikono?" akauliza, na hakungoja nimjibu.

Jumamosi nilikwenda kwa Mzee Hamadi. Alikuwa amezeeka, amekaa barazani kwake na kikombe cha kahawa. Nilimsimulia yote, na nilipofika kwenye lebo akaniuliza swali moja tu, kisanduku gani. Nikamwambia. Aliweka kikombe chini, akaingia ndani, akakaa muda mrefu hata mkewe akatoka kuniuliza kama tumegombana. Aliporudi alikuwa na kile kitabu, kimefungwa nailoni ileile.

"Binti yangu," akasema, "umemtia mtu maneno kinywani ambayo hakuyasema. Na umeyatia kwa muhuri wa nchi. Kule walikopokea hawakuwa na sababu ya kukutilia shaka. Wamekuamini kama yule wa Nigeria alivyokuamini."

Nilianza kulia. Akaniacha nilie, kisha akasema machozi hayana namba ya rejista, tuandike. Tatizo lilikuwa fomu. Posta ya dunia ina fomu ya kuulizia kilichopotea, na fomu ya mfuko uliochanika, na fomu ya uzito usiolingana, lakini haina fomu ya kusema nilidanganya. Tukaamua kutumia hati ya kasoro, ileile niliyoinakili mara tatu nikiwa msichana. Alinisomea kanuni, mimi nikaandika. Tulichana rasimu nne, kwa sababu kila mara niliandika kwamba kosa lilitokea. Akaniuliza lilitokea lenyewe? Mwishowe ikawa na maneno machache: Mpokeaji hakukataa. Aliomba mikoba yake akanyimwa, kinyume cha mkataba. Alama ya kukataa niliitia mimi, karani wa barua za ng'ambo, nikijua si kweli.

Kazini Jumatatu nilinakili maneno hayo kwenye hati yenyewe, nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Nakala moja kwa posta ya nchi ile, moja kwa maktaba, moja kwa makao makuu yetu Nairobi. Muhuri wa kwanza uligonga kando, nikagonga tena.

Majibu yalifika mapema kuliko nilivyotarajia. Posta ya kule ilishukuru kwa taarifa, maktaba ikaandika kwamba Mwalimu amerudishwa kwenye orodha na vitabu vinatumwa upya. Nairobi nao wakatuma barua ya mistari miwili kwamba maandishi ya vipofu yasitozwe ada yoyote. Mistari miwili tu. Mtu aliiandika kwa dakika tano, na kwa kukosa dakika hizo tano sisi tulikuwa tumeharibu mwaka wa watu.

Meneja aliniita akasema nimemuuza. Nilihamishiwa stoo ya magunia, nikamalizia miezi yangu huko nikishona mifuko iliyochanika. Yeye mwaka uliofuata alipandishwa cheo akapelekwa ofisi kubwa zaidi. Naam, umesoma vizuri. Ukitaka kujua kwa nini bado nina hasira, rudia sentensi hiyo.

Vitabu vilifika nikiwa stoo. Nilimwomba kijana aliyechukua kiti changu anipe nivipeleke mwenyewe, nikapanda gari mpaka Katangi. Mwalimu Kioko alinipokea nyumbani kwake, akapapasa kadi kwenye kidirisha cha kila mkoba, akasema amevipokea. Kisha akaniambia kwamba aliyevihitaji ameshafanya mtihani. Mwende alikutana na michoro ya kugusa kwa mara ya kwanza maishani ndani ya chumba cha mtihani, saa ikienda. Akaacha nusu ya maswali. Shule iliyokuwa imemwahidi nafasi ilimpa mwingine. Baadaye, kwa vitabu hivyohivyo, alirudia darasa na akapita vizuri, na leo anasoma chuoni. Lakini siku ile nilipokwenda hakuna aliyejua hayo, na mwaka wa mtoto haurudishwi kwa kugeuza kadi.

Nilimwomba Mwalimu msamaha. Akasema, "Mimi umeshaniambia. Mwende hujamwambia." Akanielekeza kwa kina Mwende, nyumba yenye ua wa michongoma, mwendo wa dakika chache.

Nilimkuta amekaa kivulini akimenya mbaazi kwenye sinia, vidole vinakwenda kasi kuliko vyangu. Mama yake akaniletea kigoda, akatuacha. Nilijitambulisha nikamweleza kila kitu, kutoka agizo mpaka kalamu ya bluu. Hakunikatiza. Nilipomaliza, akauliza kama mtu anayehakikisha jibu la hesabu.

"Kwa hivyo vitabu vyangu vilikuwa hapa Machakos?"

"Vilikuwa."

"Muda gani?"

"Mwezi mzima."

"Na wewe ulikuwa unaviona?"

Nikamwambia nilikuwa naviona kila siku, nyuma ya kiti changu. Akatikisa kichwa kidogo, akamenya ganda lingine, na lingine. Nilifikiri mazungumzo yamekwisha, nikaanza kuinuka.

"Sasa ni nani amekaa hicho kiti?"

"Kijana mmoja. Ameajiriwa juzi."

"Anajua hiyo kanuni?"

Nilitaka kusema sijui. Lakini nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha kwa jina la posta. Nikamwambia hajui, hakuna aliyemfundisha, hata mimi sikumfundisha.

"Si umwambie, mwaitu," akasema, kwa Kikamba chetu cha kumheshimu mtu mzima kama mama, bila kuinua sauti, na bila kuacha mbaazi zake.

Nilimwambia kijana huyo asubuhi ya Jumatatu, kabla hajafungua kaunta. Na sasa nakuambia wewe.